Mwezi Niliovunja Ndege

Siku mliyonikabidhi redio ya kuniagia, mmoja wenu alisema Mzee Rajabu anaondoka na siri zake zote. Alikuwa anatania na watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani neno lile likakataa kunitoka kichwani, kwa sababu siri ninayo kweli, tena moja tu. Nimewafundisha kukaza bolti, kusikiliza injini na kunusa mafuta yaliyoungua. Nimewachosha pia kwa swali ninalomwuliza kila rubani kabla hajapanda, lile mnaloigiza kwa sauti yangu nikigeuza mgongo: "Umekula?" Sijawahi kuwaambia lilitoka wapi. Naandika haya hasa kwa wale wanaojifunza kurusha, maana siku zenu mbaya naziona, na mnavyozificha naona pia.

Nilianza kazi wakati wa Mwingereza, kijana wa miaka ishirini na kidogo, kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya Mtoni. Msikitafute, sasa ni nyumba tupu. Kampuni ilikuwa na ndege mbili ndogo za kupimia mashamba ya mkonge na kunyunyizia dawa, mbawa zake mbao na kitambaa, viti viwili vilivyo wazi, kimoja nyuma ya kingine. Nilitoka gereji ya malori nikiwa na spana zangu mwenyewe kwenye gunia, najiona fundi. Fundi mkuu, Kalasinga tuliyemwita Mistri, akalifungua gunia, akatazama, akalifunga, akanipa ufagio. Nilifagia wiki mbili.

Ukutani kulikuwa na ubao ambao kila spana ilichorewa umbo lake kwa rangi nyeupe. Jioni, umbo moja likiwa tupu, hakuna aliyekwenda nyumbani mpaka spana ipatikane. Siku ya kwanza nililiona jambo la kijinga. Baadaye niliona spana iliyosahauliwa ndani ya mkia wa ndege, imebana waya wa usukani, na tangu hapo nauabudu ubao kuliko inavyoruhusiwa. Mnanijua.

Sheria nyingine ya Mistri ilikuwa kwamba aliyeitengeneza ndege lazima apande nayo siku ya majaribio. Alisema hakuna dawa ya uzembe inayoshinda hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari, au alisema anacho, basi aliyepanda kila mara nilikuwa mie. Hivyo ndivyo nilivyojikuta angani nyuma ya Kapteni Yuzefu.

Kapteni alikuwa Mpolandi. Vita vilimtoa kwao, vikamzungusha dunia, vikamtupa kwetu na sanduku moja. Waingereza hawakumhesabu sana, na yeye hakuwahesabu sana pia. Kiswahili alikiokota kambini na jikoni, akakiongea bila aibu. Siku ya jaribio la nne au la tano, tukiwa juu ya minazi ya Mtoni, nikasikia sauti yake kwenye mpira wa kusemea uliofika masikioni mwangu.

"Rajabu, fimbo iko mbele yako. Shika. Shika kama mkono ya mtoto."

Nikaishika kama mkono wa mwizi. Ndege ikapinda, nikatapika. Aliyekaa nyuma akitapika upepo humrudishia chake. Nilishuka nikiwa na shati la kutisha, nikijua mchezo umekwisha. Kapteni akaniletea ndoo ya maji na kitambaa, akaniambia nioshe ndege yote, kuanzia tumboni, polepole. Alikaa kwenye debe akavuta kiko mpaka nikamaliza. Kisha akauliza:

"Leo ilikuwa mbaya sababu ya nini? Jambo moja. Usiniambie kumi."

"Niliibana fimbo, Kapteni."

"Basi. Kesho usibane."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake, na sijaona nyingine iliyoizidi. Siku mbaya uoshe ndege, utaje kosa moja, na upande tena mapema kabla kosa halijapata usingizi ndani yako. Nimeziosha ndege hizo mara nyingi. Kuna wiki niliosha kila siku. Nilikuwa nikishuka napiga chini mara tatu ndipo ndege ikubali kukaa, na Mistri alikuwa akitoka karakana kila nilipokaribia, si kwa hofu juu yangu, bali kwa huruma juu ya magurudumu. Kuna siku nilishuka nikamwambia Kapteni mie basi, hii si kazi ya watu wa kwetu. Alinipa ndoo. Nikaosha nikilia, na sikuulizwa chochote zaidi ya jambo moja.

Lazima mwelewe kwamba hayo yote hayakuwepo. Hapakuwa na Mwafrika aliyeruhusiwa kujifunza kurusha pale. Katika kitabu cha ndege safari zetu ziliandikwa majaribio ya injini, rubani Kapteni Yuzefu. Jina langu halikuwa popote. Nililalamika siku moja, kwa upole, akanijibu kwa jambo ambalo alikuwa ameshalifikiria.

"Ukishuka vizuri mara kumi bila mkono yangu, utapanda peke yako. Siku hiyo mimi niko chini, kila mtu anaona mimi niko chini. Siwezi kuandika Yuzefu. Lazima naandika Rajabu. Wakishaona jina kwenye kitabu, watasema nini? Kwamba ndege ilijirusha?"

Sijui kama mnaweza kujua neno lile lilinifanya nini. Mie mtoto wa mpasua mbao wa Mtoni. Nilikuwa naamka nimelala na jina langu kwenye kitabu kile. Zuhura, mke wangu, ndiye peke yake niliyemwambia, naye akasema, "Baba Siti, ukipita juu ya nyumba usishuke chini sana, kuku watakufa kwa mshtuko." Lakini usiku alisali rakaa mbili kwa ajili yangu.

Ilipofika Ramadhani nilikuwa nimeshuka vizuri mara nane. Meneja wetu, Mwingereza, alikuwa likizo Ulaya, angerudi kabla ya Idi. Akiwepo yeye isingewezekana mtu kama mie kupanda peke yangu hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo mbili zilizobaki na ile ya peke yangu ilikuwa lazima zifanyike ndani ya mwezi wa mfungo. Kapteni naye alikuwa na sharti moja alilotoka nalo vitani, ambako mwanafunzi wake alizimia angani. Kila mara kabla ya kupanda aliuliza, "Umekula?" Asiyekula hapandi.

Nilikwenda kwa Maalim Sefu, aliyenifundisha Kurani utotoni. Nilijua msafiri anaruhusiwa kula akalipa baadaye. Nikamweleza kwamba kazi yangu hunipandisha angani.

"Ukipanda unaondoka wapi?" akaniuliza.

"Kiwanjani, Maalim."

"Unafika wapi?"

"Narudi kiwanjani."

"Sasa mwanangu, wewe umesafiri kwenda wapi? Umekwenda juu. Juu si mji."

Nilifikiri nimwambie Kapteni ukweli, nikajua angesema tungoje Idi, na Idi ingemkuta meneja. Nilifikiri nile kwa siri, nikaona sitaweza kukaa mkekani na Zuhura magharibi nikifungua kwa tende mfungo ambao sikuufunga. Basi nikachagua kumdanganya Kapteni. Kila aliponiuliza nilisema, "Nimekula." Nilijiambia si uongo mzito, kwa sababu daku nilikula kweli.

Ya tisa nilishuka vizuri. Siku mbili baadaye, mfungo wa kumi na tisa, tulipanda saa tisa na nusu alasiri, baada ya kutwa nzima ya kubadilisha plagi kwenye banda la mabati. Ulimi ulikuwa umenikauka kama kipande cha ngozi. Huko juu ubaridi ulinipoza nikajiona mzima. Nilipogeuza kukabili kiwanja nikaona mistari miwili ya nyasi, nikapepesa macho, ikawa mmoja. Kapteni, ili nijue hanisaidii, alikuwa na desturi ya kuweka mikono yote miwili juu ya kofia yake ambapo nitaiona. Aliiweka. Nakumbuka vidole vyake vimefumana pale juu, mtu aliyetulia kabisa.

Niliidhani ardhi iko karibu. Nikavuta fimbo mapema. Ndege ikasimama hewani, kimo cha mnazi mchanga, ikafikiri, ikaanguka.

Mguu mmoja wa magurudumu ulivunjika, bawa la chini likakunjika, pangaboi ikala udongo. Kapteni alipata kuteremsha mkono mmoja tu, na uso wake ukapiga ubao wa saa za ndege mbele yake, pua ikavunjika. Mie sikupata kitu ila kujing'ata mdomo. Damu ikanijaa kinywani, na jambo la kwanza nililolifikiria, Mungu anisamehe, mbele ya yule mzee aliyelowa damu mpaka kifuani, ni kama nikiimeza mfungo utabatilika. Nikaitema.

Tulikaa kwenye nyasi. Mistri alikuja mbio, akatutazama, akaitazama ndege, akaenda kukaa nayo. Kapteni alikuwa ameshika kitambaa puani.

"Jambo moja," akasema.

"Jua, Kapteni. Liliniingia machoni."

Akageuka akalitafuta jua. Lilikuwa nyuma yetu. Akanitazama tena. Halafu akasema lazima nipande siku ileile, hata robo saa, kwa ndege ya pili. Ndege ya pili ilikuwa Kilosa kwenye mkonge na isingerudi wiki nzima. Nilimwona anafikiri, anatafuta njia, na ilipokosekana akapiga goti lake ngumi. "Hii mbaya kuliko pua," akasema. Sikuelewa wakati ule.

Katika taarifa aliandika kwamba aliyeangusha ndege ni yeye. Meneja aliporudi hakupoteza muda. Ndege itengenezwe, itauzwa, mnunuzi wa Nairobi ameshapatikana. Kapteni naye akae mpaka ndege iende, kisha atafute kwingine, maana rubani wa umri wake aliyesahau kushuka si wa kuajiri. Mie sikulaumiwa hata kidogo. Niliagizwa nitengeneze.

Siku ya Idi nilimpelekea Kapteni sahani ya kaimati alizokaanga Zuhura. Alikaa chumba kimoja nyuma ya karakana, sanduku lake likiwa limeshafungwa kamba. Nikasimama mlangoni nikamwambia yote, Maalim, daku, na kwamba sikuwa nimekula.

Akachukua kaimati moja, akaitafuna upande ambao haukumwuma.

"Nilijua," akasema. "Siku ya kwanza nilijua. Mdomo yako mkavu, mweupe hapa kwa pembe. Nilikuwa nakuuliza, unasema nimekula, na mimi nasema haya, amekula. Sababu mimi pia nataka kushinda meneja. Nilikuwa na haraka. Usibebe peke yako."

Nilitoka pale nikiwa na nafuu, na nafuu ile haikufika wiki. Kwa maana kazi ya ndege, niliyoianza kabla ya Idi, ilikuwa bado. Kutwa nzima, wiki tano, nilikuwa nashika kwa mkono kila kilichovunjwa na mkono wangu. Nilichonga mbao mpya za bawa, nikavuta kitambaa, nikakipaka dawa ile yenye harufu ya kuumiza kichwa mpaka kikakazika kama ngoma. Na kila nilipogusa kitu nilisikia kinavyovunjika. Mbele ya macho nilikuwa naona vidole vya Kapteni vimefumana juu ya kofia. Mwanzo nilitamani ndege iishe upesi. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nafanya kazi ya siku moja kwa siku mbili, na Mistri, ambaye hakuna kilichompita, aliona.

"Kazi nzuri," akaniambia. "Safi mno. Unajenga nyumba ya kuishi?"

Ikaisha. Asubuhi ile, siku ya mwisho, nilikunywa chai vikombe viwili na mihogo ya nazi, Zuhura akinisimamia nimalize. Meneja alikuwa bandarini, hangerudi kabla ya saa saba. Kesho yake rubani wa mnunuzi angeichukua ndege. Ilibaki kufanyiwa jaribio, na kwa sheria yetu aliyeitengeneza lazima apande.

Tuliisukuma nje. Mistri akasimama kando, kitabu cha ndege kwapani, kalamu sikioni. Nikangoja Kapteni aingie kiti cha mbele kama siku zote. Hakuingia. Alikifunga kiti kile mkanda wake, akaukaza ili usicheze, kiti kitupu, akashuka chini akaja mbele yangu. Pua yake ilikuwa imepona vibaya.

"Kumi hazikutimia," akasema. "Si kitu. Zunguka mara moja, shuka. Mimi niko hapa chini, Mistri ananiona." Kisha, kwa sauti ya kazi, kama asubuhi yoyote: "Umekula?"

Wenzangu, nilikuwa nimekula. Hakukuwa na mtu aliyeshiba kuliko mie Mtoni nzima. Nilitazama kiti kile kitupu, nikaitia mikono mfukoni. Nikasikia sauti yangu inasema:

"Nimefunga, Kapteni. Zile sita."

Wasiojua niwaeleze kwamba baada ya Idi kuna siku sita za suna, anayependa hufunga. Nilikuwa sijafunga hata moja. Niliichukua dini yangu nikajifunika nayo kama shuka.

Kapteni aliutazama mdomo wangu. Nilijua anatazama nini, na nilijua anachokiona ni mdomo wa mtu aliyekunywa vikombe viwili vya chai. Angeweza kusema. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe, na Mistri akawa anatazama nyasi.

"Basi kesho," akasema.

Kesho haikuwepo, na sote watatu tulilijua hilo. Akazunguka bawa, akaingia kiti cha nyuma, kiti changu. Nikaishika pangaboi nikaizungusha, injini ikawaka mara ya kwanza, safi kabisa. Akaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza ndege niliyoitengeneza kupaa bila mie, na Mistri akaiacha sheria yake ipite. Iliporudi, Kapteni akaandika kitabuni jina lake.

Aliondoka kwa meli wiki ileile. Nilimbebea sanduku mpaka gatini. Tulipeana mikono, akaniambia mke wangu anajua kupika. Sikupata habari zake tena, na sikuzitafuta, kwa aibu.

Yaliyofuata mnayajua. Kampuni ilifungwa, nikahamia uwanja mkubwa, Uhuru ukaja, vijana wa Kiafrika wakaanza kurusha wakiwa na majina yao vitabuni kwa wino wa kawaida. Niliwatengenezea ndege miaka yote hiyo na nimewapenda, wengine kupita kiasi. Nimekuwa nikiambiwa nilizaliwa mapema mno, kwamba Mkoloni ndiye aliyeninyima. Niliwaacha mseme hivyo kwa kuwa ni maneno matamu kuyasikia. Mkoloni alininyima mengi. Hili hakuninyima yeye; siku ile alikuwa bandarini. Siku moja kati ya zile sita nimeifunga kila mwaka tangu hapo, ingawa Maalim Sefu, kabla hajafariki, aliniambia uongo haulipiwi kwa njaa.

Kwa hiyo ninyi mnaojifunza, mkivunja kitu, msikae chini mnakitengeneza wiki tano bila kupanda. Pandeni siku ileile, hata na mtu wa kuwashikia. Kama ndege haipo, iazimeni. Hofu ya siku ya kwanza ni ndogo, mtu unaweza kupanda nayo. Ya wiki ya tano nilishindwa nayo mie.

Siku tatu baada ya kuniaga, Neema, rubani wenu mdogo kuliko wote, alikuja nyumbani kunichukua. Alisema fundi hawezi kustaafu bila kuzungushwa mara moja. Uwanjani akanifungulia mlango wa kulia, upande wenye usukani wa pili, akaniuliza kwa sauti yangu, ile mnayoigiza:

"Mzee, umekula?"

"Nimekula, mwanangu."

Ilikuwa kweli. Tukapaa vizuri, tukapita juu ya Temeke, na tulipofika usawa wa Mtoni, mahali ambapo sasa ni mabati tu, akaniachia usukani. Akaweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa ili nione, akicheka.

"Haya Mzee, mie sishiki. Yako hiyo."

Mikono yangu ilibaki mapajani. Ndege ikaanza kuinamisha pua, taratibu. Akanisubiri, akaacha kucheka, akasubiri tena kidogo, kisha akaushika usukani mwenyewe.